Kusoma Hati za Mikroprosesa Zilizopachikwa: Kaida za Maandishi ya Kiufundi na Athari Zake kwa Watumiaji wa Mita na Mizani katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kaida zinazotumika katika kuandika hati za kiufundi za mikroprosesa zilizopachikwa ndani ya vifaa, na yanaonesha namna kaida hizo zinavyomfikia mwananchi wa kawaida katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Vifaa viwili vimechukuliwa kuwa mifano: mita ya umeme ya LUKU na mizani ya kidijitali inayopimia korosho. Hoja kuu ya makala ni kwamba upungufu mkubwa wa Kiswahili katika fani hii hauko katika istilahi. Uko katika kaida za uandishi, yaani makubaliano ya namna ya kuhesabu, kukanusha, kuamrisha na kuruhusu. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kaida tano zinazoweza kufuatwa na yeyote anayeandika au kufasiri hati za vifaa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika mwaka 2024, wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) wenye mita za LUKU walitakiwa kuziboresha mita zao. Mteja aliponunua umeme kwa mara ya kwanza chini ya utaratibu huo, alipokea ujumbe wenye makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya kundi moja alilolizoea. Aliagizwa aingize kundi la kwanza, kisha la pili, na mwisho la tatu, ambalo ndilo lililobeba yuniti alizozinunua. Kazi hiyo ilitakiwa kukamilika kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita ambayo haikuboreshwa isingeweza kupokea tokeni mpya.

Mwandishi wa makala haya, aliyewahi kufundisha fizikia wilayani Ruangwa, aliulizwa swali na mzee mmoja ambaye ni mzazi wa mwanafunzi wake wa zamani: “Mwalimu, hiyo tarehe waliipata wapi?” Swali hilo ni la msingi kuliko linavyoonekana. Tarehe 24 Novemba 2024 haikuchaguliwa na ofisi yoyote katika mwaka huo, wala haikutokana na hitilafu iliyogunduliwa ghafla. Ilikwisha kuandikwa, bila kutajwa kwa jina, ndani ya jedwali la kiufundi lililobuniwa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Aliyejua kulisoma jedwali hilo angeweza kuikokotoa kwa penseli na karatasi.

Makala haya yanajibu swali la mzee huyo. Ili kulijibu, ni lazima kwanza tueleze mikroprosesa iliyopachikwa ni kitu gani, kisha hati zake huandikwaje, na mwisho ni kwa nini namna ya kuziandika ina uzito kwa mtu ambaye hatazisoma kamwe.

2.0 Mikroprosesa Iliyopachikwa

Mikroprosesa ni saketi moja ndogo inayotekeleza maagizo ya programu moja baada ya jingine. Mikroprosesa ya kwanza kuuzwa kibiashara kwenye kipande kimoja, Intel 4004, ilitoka mwaka 1971. Mwaka 1980 kampuni hiyohiyo ilitoa 8051, ambayo iliunganisha katika kipande kimoja kichakataji, kumbukumbu na milango ya kuingizia na kutolea ishara. Kipande cha namna hiyo huitwa mikrokontrola. Katika makala haya neno mikroprosesa limetumika kwa maana pana inayojumuisha vyote viwili.

Mikroprosesa husemwa kuwa imepachikwa inapofanya kazi ndani ya kifaa ambacho mtumiaji wake hakioni kuwa kompyuta. Mita ya umeme, mizani, pampu ya mafuta na kidhibiti chaji cha umeme wa jua vyote vina kichakataji ndani yake. Vichakataji hivi ni vidogo kwa makusudi. Toleo la kwanza la 8051 lilikuwa na kilobaiti 4 za programu na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kazi, nafasi ambayo haitoshi hata kubeba aya hii unayoisoma. Kwa hiyo mbunifu hulazimika kuhesabu kila biti, na kila biti aliyoihesabu huwa na maana iliyoandikwa mahali fulani.

Mahali hapo ni hati ya kiufundi. Kompyuta ya mezani ikikwama, huweza kutoa ujumbe wa maneno ukasomeka kwenye kioo. Mikroprosesa iliyopachikwa aghalabu haina kioo cha kutosha, haina baobonye, na haina namna ya kujieleza. Fundi anayetaka kujua pini fulani inafanya nini hana wa kumuuliza ila hati. Kwa sababu hiyo, hati si kiambatisho cha kifaa bali ni sehemu yake, na kifaa kisicho na hati inayosomeka ni kifaa nusu.

3.0 Kaida za Hati za Kiufundi

Hati ya mikroprosesa huandikwa kwa ufupi mkubwa. Ufupi huo unawezekana kwa sababu mwandishi na msomaji wanashiriki kaida ambazo hazirudiwi kuelezwa katika kila ukurasa. Zifuatazo ni nne zilizo muhimu zaidi.

3.1 Kizio na Mahali pa Kuanzia

Tarakimu 10 ikisimama peke yake haina thamani moja. Katika kizio 10 ni kumi, katika kizio 2 ni mbili, na katika kizio 16 ni kumi na sita. Hati za Intel za zama za 8051 ziliongeza herufi H mwishoni mwa namba ya kizio 16, hivyo 10H ni kumi na sita. Waandishi wa programu za lugha ya C hutanguliza 0x na kuandika 0x10. Anayeikosa alama hiyo anaikosa namba nzima.

Vilevile, hati hizi huhesabu kuanzia sifuri. Rejista ya biti nane huwa na biti 7 upande wa kushoto hadi biti 0 upande wa kulia. Hapa Kiswahili huingia mtegoni. Tukisema “biti ya tatu”, msomaji mmoja atahesabu kuanzia moja na kufika kwenye biti 2, yenye thamani ya 4. Mwingine ataelewa biti 3, yenye thamani ya 8. Wote wawili wamesoma Kiswahili sahihi, lakini wamewasha swichi mbili tofauti.

Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili hapaswi kuliona wazo la mahali pa kuanzia kuwa geni. Abiria wa Nachingwea akiambiwa basi linaondoka saa 12, huuliza mara moja: ya asubuhi au ya jioni? Na akiiona tiketi imeandikwa 06:00, hujua kuwa ni saa 12 ya asubuhi ileile, iliyohesabiwa kutoka mahali pengine. Ujuzi wa kuishi na vyanzo viwili vya kuhesabu anao tangu utotoni. Kinachotakiwa ni kuuhamishia kwenye hati.

3.2 Mstari wa Juu

Baadhi ya pini za mikroprosesa hufanya kazi zinapopewa volti sifuri, si zinapopewa volti kamili. Kaida ya kuonesha hali hiyo ni kuchora mstari mwembamba juu ya jina la pini. Katika 8051 pini ya 31 huitwa EA, na juu ya herufi hizo kuna mstari. Maana yake ni kwamba pini ikiunganishwa na ardhi, yaani volti sifuri, kichakataji hutafuta programu katika kumbukumbu ya nje. Ikiunganishwa na volti 5, kichakataji hutumia programu iliyomo ndani yake.

Fundi mmoja mjini Nachingwea alimwonesha mwandishi bodi ya kidhibiti chaji cha umeme wa jua aliyokuwa karibu kuitupa. Njia ya shaba iliyokwenda kwenye pini ya 31 ilikuwa imekatika, naye aliirudisha kwa waya. Mchoro aliokuwa nao ulikuwa nakala ya nakala, na mstari wa juu ya EA ulikuwa umefutika. Alisoma kwamba pini hiyo huwasha matumizi ya kumbukumbu ya nje, na kwa kuwa bodi haikuwa na kumbukumbu ya nje, aliizima kwa kuiunganisha na ardhi. Fikra yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi. Kichakataji kilienda kutafuta programu mahali ambapo hapakuwa na kitu, kikanyamaza, naye akaamini kimekufa. Waya ulipohamishiwa kwenye volti 5, bodi iliamka.

Mstari usiozidi milimita tatu uligeuza “ndiyo” kuwa “hapana”. Katika lugha ya kawaida ukanushi hubebwa na silabi inayosikika: inawaka, haiwaki. Katika hati hii ukanushi ulibebwa na alama ambayo haistahimili kudurufiwa. Kwa sababu hiyo, hati nyingi za miaka ya karibuni huongeza herufi n au alama ya mkwaju mbele ya jina la pini, ili ukanushi ubaki hata mstari ukipotea.

3.3 Nafasi ya Akiba

Katika majedwali ya rejista huonekana nafasi ambazo hazijapewa kazi. Mbunifu huzitenga kwa matumizi ya baadaye, na kaida ni kwamba mwandishi wa programu asizibadilishe na asitegemee thamani atakayoisoma humo. Kiswahili mara nyingi hufasiri nafasi hizo kwa neno “imehifadhiwa”. Tatizo ni kwamba neno hilohilo hutumika kwenye simu na kompyuta kwa maana ya data iliyokwisha kuwekwa salama. Msomaji akikuta “biti 6 imehifadhiwa” anaweza kudhani kuna kitu ndani yake.

Neno “akiba” linafaa zaidi, mradi msomaji aonywe jambo moja. Wahenga walisema akiba haiozi, na aliyeiweka ndiye anayeitumia. Katika hati, akiba ni ya mbunifu, si ya fundi.

3.4 Kima cha Chini, cha Kawaida na cha Juu

Jedwali la sifa za umeme huwa na safu tatu za namba: kima cha chini, kima cha kawaida na kima cha juu. Mtengenezaji hudhamini kima cha chini na cha juu. Kima cha kawaida ni taarifa tu ya hali inayoonekana mara nyingi, wala si ahadi. Kando ya jedwali hilo huwa na jingine linaloonesha ukomo wa kuharibika, yaani viwango ambavyo kifaa kikivipita huweza kuungua. Mgeni wa hati hizi huchukua ukomo wa kuharibika akadhani ni kiwango cha kufanyia kazi. Ni sawa na dereva anayeona lori limeandikwa uzito wa juu kabisa, akalipakia hadi kilo hiyo kila siku.

4.0 Mfano wa Kwanza: Mita ya LUKU

Tukiwa na kaida hizo mkononi, sasa tunaweza kurudi kwenye swali la tarehe. Mfumo wa Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ambao Watanzania huujua kama LUKU, hutumia tokeni zinazofuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS. Kiwango hicho kilianzia Afrika Kusini katika miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka 2007 kilichapishwa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme kwa namba IEC 62055-41.

Tarakimu 20 anazoingiza mteja ni namba moja ya biti 66 iliyoandikwa kwa kizio 10. Tarakimu ni 20 kwa sababu namba kubwa kabisa ya biti 66 inakaribia 7.4 ikifuatwa na nafasi 19, na haiwezi kuandikwa kwa tarakimu chache zaidi. Tokeni ya kuongeza umeme imegawanywa hivi:

Daraja la tokeni: biti 2
Daraja dogo: biti 4
Namba ya bahati nasibu: biti 4
Kitambulisho cha tokeni: biti 24
Kiasi cha umeme: biti 16
Namba ya uhakiki: biti 16
Jumla: biti 66

Biti mbili za daraja haziwekwi katika usimbaji fiche. Biti 64 zilizobaki husimbwa kwa ufunguo wa mita husika. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii katika mita yako: mita inapoifungua kwa ufunguo wake hupata namba zisizo na mpangilio, namba ya uhakiki haikubaliani, na tokeni hukataliwa. Kiasi cha umeme nacho hakiandikwi kwa fedha, bali kwa sehemu ya kumi ya yuniti.

Jibu la mzee limo katika mstari wa nne. Kitambulisho cha tokeni ni idadi ya dakika zilizopita tangu saa sita usiku ya kuingia tarehe 1 Januari 1993 hadi tokeni ilipotengenezwa. Mita huweka orodha ya vitambulisho vya tokeni ilizozipokea karibuni, ikakataa tokeni iliyokwisha kutumika au iliyo ya zamani kuliko zote katika orodha. Kwa njia hiyo, mita isiyo na saa ndani yake huweza kuzuia tokeni moja isitumike mara mbili.

Lakini biti 24 zina ukomo. Kutoka 0, namba ya mwisho inayoweza kuandikwa ni 16,777,215. Tukigawanya dakika 16,777,215 kwa dakika 1,440 za siku moja, tunapata siku 11,650 na dakika 1,215. Siku 11,650 kutoka tarehe 1 Januari 1993 zinatufikisha tarehe 24 Novemba 2024. Dakika 1,215 zinatufikisha 20:15, yaani saa 2 na robo usiku kwa saa ya mfumo unaotengeneza tokeni. Dakika moja baadaye hesabu ingerudi sifuri, na kila tokeni mpya ingeonekana kwa mita kuwa ya zamani kuliko zote. Tarehe ile ilipatikana hapo. Ilizaliwa siku wabunifu walipoandika “biti 24” na “1993” katika jedwali moja.

Makundi mawili ya ziada nayo yana sababu katika jedwali. Dawa ilikuwa kuanza kuhesabu upya kutoka tarehe 1 Januari 2014. Badiliko hilo lilihitaji ufunguo mpya wa mita, na ufunguo huo una biti 64. Tokeni ikishatoa nafasi ya daraja, daraja dogo, uhakiki na taarifa nyingine, haibaki nafasi ya kubeba biti 64 za ufunguo. Kwa hiyo ufunguo hukatwa vipande viwili vya biti 32, kila kimoja katika tokeni yake. Tokeni ya kwanza kati ya hizo ina biti moja inayoiambia mita ifute orodha yake ya vitambulisho. Bila kufuta, mita iliyozoea namba za karibu milioni 16.7 ingekataa namba mpya za takribani milioni 5.7, ambazo ndizo dakika zilizokuwa zimepita tangu 2014. Pembeni mwa biti hiyo, katika tokeni hiyohiyo, kuna biti moja ya akiba.

Kutokana na maelezo hayo, mpangilio wa maagizo unaeleweka. Kundi la tatu lilisimbwa kwa ufunguo mpya, kwa hiyo mtu aliyeanza nalo alikuwa anajaribu kufungua kufuli ambalo bado halijabadilishwa. Maagizo ya kuanza na la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu hayakuwa urasimu. Yalikuwa tafsiri ya muundo wa biti 66.

5.0 Mfano wa Pili: Mizani ya Korosho

Wakulima wa Ruangwa na Nachingwea huuza korosho kupitia vyama vya msingi vya ushirika vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kabla korosho hazijaingia katika mfumo wa stakabadhi ghalani, hupimwa. Katika mizani ya kidijitali uzito hugeuzwa kuwa ishara dogo ya umeme, ishara hugeuzwa kuwa namba, na mikroprosesa huikokotoa namba hiyo hadi ikaonekana kuwa kilo.

Tofauti na mita, mizani hubeba sehemu muhimu ya hati yake usoni. Kwenye bamba lake huandikwa Max, Min na e. Hizi ni alama za kimataifa na hazibadilishwi kwa lugha yoyote. Max ni uzito wa juu kabisa unaopimika. Min ni uzito wa chini ambao chini yake kipimo hakiaminiki. Herufi e ni kipande cha uhakiki, yaani hatua ambayo usahihi wa mizani hupimwa kwayo wakati wa ukaguzi. Katika mizani ya daraja la III, ambalo ndilo la biashara ya kawaida, Min aghalabu ni mara 20 ya e.

Chukua mizani iliyoandikwa Max 300 kg na e = 100 g. Gunia la kilo 80 ni sawa na e 800. Kwa daraja la III, mzigo unaozidi e 500 hadi e 2,000 huruhusiwa kosa la e moja, juu au chini, wakati wa uhakiki wa kwanza. Mizani ikiwa kazini kosa hilo huweza kufika e mbili. Kwa hiyo gunia hilo likipimwa kwenye mizani iliyo kazini, tofauti na uzito wa kweli ya hadi gramu 200 imo ndani ya kaida. Tofauti ya kilo moja haimo, na haiwezi kuelezwa na e.

Hapa ndipo maarifa ya hati huwa mali ya mkulima. Asiyejua maana ya e ana njia mbili tu: kushuku kila kipimo au kukubali kila kipimo. Anayeijua anaweza kukubali gramu 100 bila ugomvi na kuipeleka kilo moja kwa Wakala wa Vipimo akiwa na hesabu mkononi. Malalamiko yenye namba husikilizwa tofauti na malalamiko ya kunung'unika.

6.0 Kaida Zinazopendekezwa kwa Hati za Kiswahili

Istilahi za fani hii kwa Kiswahili zipo, na zinaongezeka. Maneno kama kichakataji, kumbukumbu, biti, rejista na usimbaji fiche hayamsumbui sana msomaji, na hata pale maneno mawili yanaposhindana, muktadha huamua. Upungufu unaogharimu ni wa kaida. Mwandishi anapendekeza tano.

Kwanza, namba za nafasi ziandikwe kwa tarakimu baada ya nomino, si kwa namba za mpango. Iandikwe “biti 3”, isiandikwe “biti ya tatu”. Mwanzoni mwa hati itamkwe mara moja kwamba hesabu inaanza na 0.

Pili, kila namba isiyo ya kizio 10 ibebe alama yake, na kila saa itaje chanzo chake. Hati inayoandika 20:15 isichanganye na saa 2:15 usiku katika ukurasa mmoja bila kueleza.

Tatu, ukanushi wa pini usitegemee mstari wa juu peke yake. Maneno “hufanya kazi kwa volti 0” yaandikwe kando ya jina.

Nne, nafasi zisizotumika ziitwe “akiba”, na maelezo “usibadilishe” yafuate.

Tano, na hii ndiyo nzito kuliko zote, vitenzi vya amri na ruhusa vigawanywe. Waandishi wa viwango vya kimataifa hutenganisha kwa ukali lililo lazima, linalopendekezwa, linaloruhusiwa na linalowezekana. Waraka mashuhuri wa viwango vya intaneti, RFC 2119 wa mwaka 1997, uliandikwa kwa kazi hiyo tu. Katika Kiswahili kitenzi “-weza” hubeba mzigo wa watu wawili. Tukisema “kifuniko kinaweza kufunguliwa”, hatujui kama tunasema kimetengenezwa ili kifunguke, au kwamba mtumiaji amepewa ruhusa ya kukifungua. Kwa mita ya umeme, tofauti hiyo ni ya kisheria na ya uhai. Inapendekezwa kwamba “sharti” litumike kwa lililo lazima, “inapendekezwa” kwa ushauri, “inaruhusiwa” kwa ruhusa, na “ina uwezo wa” kwa sifa ya kifaa.

Uangalifu zaidi unahitajika katika ukanushi wake. “Si lazima kifuniko kifunguliwe” humwachia mtumiaji hiari. “Sharti kifuniko kisifunguliwe” humkataza. Mahali pa kukanusha katika sentensi hizi mbili ni kama mstari wa juu ya EA: ni kitu kidogo, na kikihama huhamisha maana yote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kaida za hati za mikroprosesa si mambo ya maabara pekee. Uamuzi wa kutumia biti 24 uliingia katika kila nyumba yenye mita ya LUKU, ikiwamo ya Nachingwea na Ruangwa, kwa umbo la makundi matatu ya tarakimu. Herufi e iliyochapwa kwenye bamba huamua ni wapi kosa la mizani linakoma na ni wapi jambo jingine linaanza. Katika mifano yote, aliyeathirika hakuwa yule aliyeandika hati wala yule aliyeisoma vibaya, bali mtu wa mwisho aliyesimama mbele ya kifaa.

Mzee aliyeuliza swali alielezwa hesabu ya dakika kwa kalamu, nyuma ya bahasha. Aliifuata hadi mwisho, kisha akauliza la pili: “Na hiyo mpya iliyoanza 2014, nayo itaisha lini?” Kwa biti zilezile 24, hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2014 inafika ukomo tarehe 24 Novemba 2045. Mtoto anayeanza shule ya msingi leo wilayani Ruangwa atakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Huenda mita za wakati huo zitakuwa nyingine kabisa. Zikiwa bado hizi, inapasa siku hiyo awepo mwandishi wa hati ambaye atamweleza kwa Kiswahili kisicho na maana mbili la kufanya na sababu ya kulifanya.